Hajatengwa na Maji ya Kuoga

Katika kanisa tulilokulia, pale Mafiati, Mbeya, Mkristo mzuri alijulikana kwa yale asiyoyafanya. Hanywi kimpumu wala bia, haendi disko, hana nyumba ndogo, hajawahi kuitwa mbele ya wazee wa kanisa. Nakumbuka mazishi ya mzee mmoja aliyesifiwa hivyo karibu nusu saa, pasipo kutajwa jambo hata moja alilomtendea mtu. Hakuna aliyeona ajabu. Darasa la kipaimara lilitulea humo humo: Amri Kumi tulizikariri hadi tukaziota, na mfano wa Msamaria tukausoma kama habari ya wanyang'anyi, ingawa wanyang'anyi wenyewe hutoweka mapema, na wanaobaki na aibu ni kuhani na Mlawi, ambao hawakumgusa yule majeruhi hata kwa kidole.

Kisha likaja gonjwa la UKIMWI. Mji wetu umekaa juu ya barabara kuu ya Zambia, malori ya Tunduma yanalala hapa, na miaka ya 1990 hapakuwa na mtaa usio na kijana "aliyekanyaga waya". Utafiti wa kitaifa wa 2003–04 ulipotoka, Mbeya iliongoza Tanzania Bara kwa zaidi ya asilimia 13 ya watu wazima, Iringa ikiifuata kwa karibu sana, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 7. Sisi tulikuwa tumeshazika sana kabla ya hesabu hizo.

Mimbarani maelezo yalikuwa mepesi: mshahara wa dhambi. Mgonjwa alitengwa, akaachwa chumbani na mama yake. Lakini akifa! Msiba kwetu haukosi watu. Maturubai, ng'ombe, kwaya mbili, wanaume wanalala nje na baridi ile ya Juni. Watu mia tatu kumlilia mtu ambaye wiki iliyotangulia hakuwa na wa kumgeuza kitandani.

Mama mkubwa ndiye aliyeanza kwenda, kwa kijana wa jirani. Glavu hakuwa nazo. Alivaa mifuko ya nailoni mikononi, akaifunga kwa vipande vya mpira wa baiskeli, akamlaza ubavu na kumsafisha vidonda vya mgongoni kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, huku akimsimulia bei za viazi sokoni Mwanjelwa. Mimi nilikuwa wa kumwaga beseni. Mzee wa kanisa alimsubiri getini.

"Mama, yule ametengwa."

"Ametengwa na meza ya Bwana, baba. Na maji ya kuoga hajatengwa."

Wakamfuata wanawake wawili, baadaye kumi na kitu. Hakuna kikao kilichowatuma. Vikundi vya huduma za majumbani kama KIHUMBE vilipoanza kufundisha watu mjini, wakapata glavu na maarifa. Mahubiri yalifuata nyuma, yakichechemea: Jumapili moja tukasomewa Mathayo 25, na kwa mara ya kwanza mhubiri akatuonyesha kwamba wale wa mkono wa kushoto hawakushtakiwa wizi wala uzinzi. Hawakwenda tu.

Kuanzia 2004 dawa za bure zikaanza kutolewa, wagonjwa wakainuka, wengine wakarudi kwenye meza zao sokoni. Ni neema kubwa. Ila nasema kama nionavyo: vitanda vilipopungua, lile daftari la asiyoyafanya mtu likafunguliwa tena, na michango ikahamia kwenye vipaza sauti.

Mama mkubwa sasa ni mzee wa kanisa. Jina la anayependekezwa uongozi likiletwa, wenzake huuliza kama anakunywa. Yeye huuliza amemtembelea nani tangu Pasaka. Wengi hubaki wanakohoa. Mwaka jana alipatikana mmoja aliyetaja wajane watano anaowalimia mashamba, na majirani wakathibitisha. Wakathibitisha pia kwamba anakunywa. Kikao kile kilikwenda hadi saa nne usiku.