Siku Moja Jinja na Mbale

Asubuhi nilisimama Jinja, mahali Mto Naili unapoliacha Ziwa Viktoria. Maporomoko ya Ripon, aliyoyaona Speke mwaka 1862, hayaonekani tena. Yalizama baada ya bwawa la Owen Falls kukamilika mwaka 1954. Mchana nilikula sato wa kukaanga. Jioni, Mbale, chini ya mlima Wanale, niliandaliwa malewa, machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi na kuungwa kwa karanga. Mama mpishi, aliposikia kazi yangu, alishusha sauti: “Mwalimu, zamani Kiswahili tulikisikia kwa wenye bunduki.”

Walimu wenzangu, mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliafiki kifundishwe shuleni kwa lazima. Basi na tukianzie mezani, penye ukarimu, kabla ya sarufi.