Swali la Kilindini

Mimi ni mtu wa Likoni. Kila asubuhi nikiwa ferini huyatazama maji ya Kilindini, nikidhani nayajua. Kumbe!

Siku moja mwalimu wetu wa historia alitusimulia habari za Petard, manowari ya Waingereza ya kuwindia nyambizi. Oktoba 1942, katika bahari ya Mediterania, mabaharia wake waliingia ndani ya nyambizi ya Wajerumani iliyokuwa ikizama, wakatoa vitabu vya siri. Wawili hawakutoka tena.

Tarehe 5 Februari 1944 msafara wa meli uling'oa nanga papa hapa Kilindini kwenda Colombo. Meli ya Khedive Ismail ilibeba askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, wauguzi na mabaharia. Petard na mwenziwe Paladin walikuwa miongoni mwa walinzi. Tarehe 12, upande wa Maldivi, nyambizi ya Wajapani, I-27, iliipiga Khedive Ismail kwa topido. Dakika tatu hazikutimia, imezama. Walikufa watu 1,297.

Nyambizi nayo ikajificha chini, pale pale walipokuwa wakielea walionusurika. Ikiachwa, itaziwinda meli nyingine. Basi mabomu yakatupwa, na watu wamo majini. Hatimaye topido ya Petard iliimaliza I-27.

"Wewe ungefanyaje?" mwalimu akaniuliza.

Nikaropoka, "Ningetupa tu, mwalimu!"

"Na kama kakako yumo majini?"

Ulimi ukanikauka. Hadi leo feri ikifika katikati nalikumbuka swali lile, na jibu sina. Wenzangu, ninyi mnalo?