Katika Mahekalu ya Anuradhapura

Msafiri asiye na kiongozi hupata hasara mbili na faida moja. Hasara ya kwanza ni kupotea njia, na ya pili ni kupita mbele ya jambo kubwa bila ya kulijua jina lake. Faida ni kwamba hapana mtu wa kumhimiza. Kwangu mimi faida ilizishinda hasara katika Anuradhapura, mji wa kale wa Sri Lanka, kisiwa ambacho mabaharia wa Kiarabu walikiita Sarandibu. Nilikodi baiskeli, nikafunga kitabu na chupa ya maji nyuma yake, nikazunguka siku tatu katika mahekalu ya Wabudha.

Mji huo ulikuwa makao ya wafalme kwa zaidi ya miaka elfu moja, hata majeshi ya Wachola kutoka India ya kusini yalipouteka mwishoni mwa karne ya 10. Baadaye msitu uliumeza. Majengo makubwa kupita yote yaliyosalia ni stupa. Stupa si nyumba ya kuingiwa. Ni kuba la matofali, limeshindiliwa ndani, limejengwa juu ya masalia matakatifu, na mwenye kuabudu hulizunguka kwa miguu akiliweka upande wa mkono wake wa kuume.

Nilianzia Jetavana. Mfalme Mahasena aliianza stupa hiyo mwishoni mwa karne ya 3 baada ya Kristo. Ilipokamilika kimo chake kilikuwa mita 122 hivi, na inasemekana kuwa wakati ule ilipitwa na mapiramidi mawili tu ya Misri. Leo imebaki kama mita 71. Matofali yake yako wazi, mekundu, na kilele chake kimekatika. Nilikaa kivulini asubuhi nzima, nikayatazama matofali kama mtu asomaye hati ya kale: huu mstari wa zamani, huu umetengenezwa juzi. Hapana aliyenisumbua. Moyo wangu wa kisomo uliridhika kabisa.

Ruwanweli ni mbali kidogo tu kwa baiskeli, lakini ni dunia nyingine. Stupa hii mfalme Dutugemunu aliianza katika karne ya 2 kabla ya Kristo. Katika karne ya 19 ilikuwa kilima cha udongo kilichoota miti. Watawa na waumini wakaijenga upya kwa michango yao, na taji ya kileleni ikawekwa mwaka 1940. Sasa ni nyeupe kama wingu. Watu waliovaa nguo nyeupe huizunguka mchana na usiku. Viatu huachwa nje, na jua la saa sita hulitia moto jiwe la uwanjani, hata watu wazima wenye heshima zao huonekana wakirukaruka kama watoto. Nami nilirukaruka.

Hapo bibi kizee mmoja aliyebeba sinia la maua ya yungiyungi alitaka kujifunga vizuri nguo yake. Alinitazama, akanitia sinia mikononi bila ya kusema neno, maana neno moja la kushirikiana hatukuwa nalo. Nikasimama. Watu waliokuwa wakipita wakanyosha mikono wakaligusa sinia kwa ncha za vidole, mmoja baada ya mwingine, kwa kuwa ni desturi yao kushiriki hivyo katika thawabu ya mtoaji. Mimi si Mbudha. Sikuwa nikiabudu, wala sikuweza kudai tena kwamba natazama tu. Bibi alilichukua sinia lake, akainamisha kichwa, akaenda zake. Kiongozi wa wageni angalikuwapo, nadhani angalilipokea yeye.

Wachunguzi wa mambo ya kale hawapendi hekalu linalopakwa rangi upya, kwa sababu rangi na saruji hufunika ushahidi. Wana haki. Katika Ruwanweli sikuliona hata tofali moja la Dutugemunu. Lakini kitabu cha Mahavamsa husimulia kwamba mfalme huyo alishikwa na maradhi ya kufa kabla ya kazi kwisha, na ndugu yake akaifunika stupa kwa nguo nyeupe ili mgonjwa aione kama kwamba imekamilika. Basi tangu awali weupe ule ulitangulia kukamilika kwa kazi. Nyumbani kwetu msikiti wa Kizimkazi, wenye maandishi ya mwaka 1107, husaliwa hata leo chini ya paa la bati. Nimepata kuwasikia wasomi wakililalamikia bati hilo. Sijapata kumsikia aliyesujudu chini yake akililalamikia.

Kuishi kwa hekalu kuna gharama pia. Mti mtakatifu wa Anuradhapura, uliooteshwa kwa tawi ambalo Sanghamitta, binti wa mfalme Ashoka, alilileta katika karne ya 3 kabla ya Kristo, hukutunzwa kwa sababu ni wa kale. Ulikuwa wa kale kwa sababu haukuacha kutunzwa. Matawi yake yameegemezwa kwa nguzo za rangi ya dhahabu. Mwaka 1985, wakati wa vita vya ndani, watu wenye silaha waliwaua wengi katika mji huo, na miongoni mwao wakiwamo waliokuwa wakiabudu penye mti huo. Magofu hayavutii mauaji ya namna hiyo.

Siku ya tatu, kabla ya kurudisha baiskeli, nilipita tena Jetavana nikahesabu mistari ya matofali niliyokuwa nimeiacha. Juu ya meza ya jiwe, chini ya ukuta mwekundu, palikuwa na yungiyungi saba. Petali zao zilikuwa zimekunjuliwa kwa vidole, moja moja, na maji yalikuwa bado hayajawakauka.