Kuuliza Kwanza, Kushitaki Nyuma



Wenzangu wengi wananiuliza juu ya nini ninapenda vitabu vya upelelezi. Banasema: "Mutu anakufa, polisi banakuja, basi, njo kintu gani ya kujifunza?" Leo nataka kujibu.

Cha kwanza nilichosoma kwa Kiswahili ni Mzimu wa Watu wa Kale, cha Muhammed Said Abdulla wa Unguja. Kilipata zawadi ya kwanza katika mashindano ya hadithi ya 1957-58, kikachapwa 1960. Kiswahili chake si kile cha soko letu la Kamina. Nilikuwa nikiuliza maneno kila ukurasa. Lakini mambo yenyewe tunayajua. Mtu ameuawa penye mizimu, na mahali pale panaogopwa. Bwana Msa, pamoja na kiko chake na rafiki yake Najum, haogopi. Anaangalia, anauliza, anapanga jambo moja moja, mpaka anaonyesha kwamba ni mkono wa mtu. Alirudi tena katika vitabu vingine, kama Kisima cha Giningi (1968) na Kosa la Bwana Msa (1984).

Kisha mwalimu mmoja akaniazima kitabu cha Agatha Christie kwa Kifaransa, kile kilichotoka 1942 kwa Kiingereza. Maiti ya msichana inaonekana katika biblioteki ya nyumba ya wakubwa, karibu na kijiji kidogo cha Uingereza. Nani anavumbua ukweli? Ni Miss Marple, mama mzee asiye na bwana wala mtoto. Kazi yake ni kufuma nyuzi na kusikiliza majirani.

Hapo nilishangaa sana. Kwetu mama mzee anayekaa peke yake njo wa kwanza kushitakiwa.

Katika mtaa wetu mtoto alikufa wakati wa mvua. Jua halijatua, vijana walikuwa mbele ya mlango wa mjane mmoja. "Ni ule mama njo alimukula mutoto!" Walitaka kubomoa nyumba. Baba yangu akauliza tu: "Homa ilianza siku gani?" Wakajibu: siku ya nne. "Na mama alikuwaka wapi?" Wakanyamaza. Alikuwa Kabongo kwa binti yake, alirudi siku ya posho. Mwuguzi naye akaleta karatasi yake: malaria, na damu ilikuwa imepunguka. Wengine wakasema mlozi anaruka usiku, Kabongo si mbali kwake. Lakini nyumba haikubomolewa. Hata leo wako majirani wasiomsalimu.

Kwa hiyo sisemi kwamba kitabu kinaponya mtaa. Nasema kinazoeza kichwa. Ukisoma kurasa mia mbili, unashuku huyu, unashuku yule, na mwishoni unaona kwamba kushuku si kujua. Pia unaona kwamba yule aliyepiga kelele zaidi ya wote mara nyingi hakuona kitu.

Bandugu, vitabu vya namna hii si vingi katika biblioteki zetu. Aliye nacho aazime mwenzake. Na siku watu watakapoanza kutaja jina la mtu penye matanga, usikimbie pamoja nao. Uliza: Nani aliona? Siku gani? Huyu mtu alikuwa wapi?

Mwanafunzi mwenzenu