Usiku Mmoja Mlangoni mwa Shela

Anayefika Shela wakati wa Kusi, maji yakipwa, huona bahari ya namna yake. Upepo huingia kutoka nje, nao mkondo hutoka kati ya Shela na Ras Kitau. Vikikutana, mawimbi husimama mafupi na makali. Hapo ndipo usiku ulipotukuta, sisi na ahli zetu, akina mama na watoto, tukatia nanga kungojea alfajiri.

Mashua ilikuwa ya kisasa, nanga yake imefungwa mnyororo mtupu. Mnyororo mzito hunepa majini; wimbi likivuta, huinuka polepole, na uzito huo humeza nguvu. Lakini upepo ulipoushinda mkondo, mnyororo ulinyooka kama fimbo, na chuma hakinyumbuki. Kila omo ilipopanda, kishindo kilipita chomboni mwote. Mtoto mchanga aliamka akilia. Hofu yetu ilikuwa nanga: mvuto wa ghafla wa kwenda juu huing'oa mchangani, na nyuma yetu vyombo vingine vimelala.

"Mama zangu, washikeni watoto," alisema nahodha. "Sheikh, niangazie taa."

Kosa lilikuwa la hesabu, na sisi tulishiriki. Tulipima mita 5 za maji, tukatoa mita 25 za mnyororo, mara tano kama ilivyo ada. Tulisahau kuwa bamvua hupandisha maji zaidi ya mita 3, na omo nayo iko mita 1 juu ya maji. Mara tano ya 9 ni 45. Nahodha akaongeza.

Kisha akaomba kamba ya nailoni. Tulimpa iliyo nene. Akaikataa, kwani kamba nene mno hainyumbuki. Akachukua nyembamba kiasi, ya mita 10, akaifunga kwenye mnyororo, ncha ya pili akaikaza kwenye omo, akalegeza mnyororo hadi ukaning'inia na mvuto wote ukahamia kambani. (Mababu zetu, kwa amari zao za makumbi, walikuwa na mnyumbuko huo bila kuununua.) Mahali kamba ilipogusa ubao, mke wetu alitoa kanga kuukuu, ikaviringishwa.

Vishindo vikakoma. Omo ilipanda na kushuka kwa upole, na watoto wakalala.

Baada ya sala ya alfajiri tuliitazama ile kanga. Ilikuwa imelika hadi nusu, nayo kamba nzima, alhamdulillahi.