Mikwaruzo

Baba yangu aliishi kwa kufukuza mikwaruzo. Watu wa Morogoro walimletea redio zinazokoroma, amplifaya zinazovuma na spika za baa zilizochanika, naye akazifungua mpaka sauti itoke safi. Kwa hiyo nilipomwaga mezani kwake mfuko wa vipuri vya kuundia kifaa cha kukwaruza sauti ya gitaa, aliuliza swali la haki: "Mama, umenunua ugonjwa?"

Ugonjwa huo una historia. Mwaka 1961, kule Nashville, Marekani, ulitoka wimbo wa Marty Robbins uitwao "Don't Worry". Ndani yake gitaa la besi la Grady Martin linasikika kama nyuki ndani ya debe, kwa sababu mtambo wa kurekodia ulikuwa na hitilafu. Fundi mitambo, Glenn Snoddy, akabuni saketi ya transista ya kuiga hitilafu ile, na Gibson wakaanza kuiuza mwaka 1962 kwa jina la Maestro Fuzz-Tone. Mwaka 1965 Keith Richards akaipigia "Satisfaction", dunia nzima ikaisikia. Baba alisikiliza yote, kisha akasema fundi huyo alikuwa mjanja: kilichomshinda mteja amekigeuza bidhaa.

Zamani hakuna mtoto aliyeruhusiwa kugusa pasi yake ya kulehemu. Alitaka tushike kalamu. Nimeishika mpaka shahada ya uzamili, na katika miaka hiyo hiyo mikono yake imeanza kutetemeka; banda amelifunga. Safari hii alinisogezea pasi mwenyewe, mpini ukiwa upande wangu.

Tulianza na rezista kwa kuwa hulala chini kabisa ya bodi. Kahawia, nyeusi, njano: omu 100,000. Alizisoma kwa mbali, mimi bado nahesabu mistari. Zikafuata kapasita, zile zenye mstari unaoonyesha mguu wa hasi, halafu transista za miguu mitatu zisizopenda moto wa muda mrefu.

"Pasha mguu na shaba kwanza," alisema. "Risasi itafuata yenyewe."

Kiungo kizuri hung'aa na kuukumbatia mguu kama kichuguu. Kibaya hufifia, kikajiviringa kama tone lililokataa kushika. Alikagua kila kimoja kwa lenzi. Nilimshikia lenzi, yeye akaelekeza kwa kidevu. Viwili alinirudisha.

Siri ya kifaa ni ufinyu. Transista hukuza wimbi dogo la gitaa, lakini betri ni ya volti 9 tu. Wimbi likitaka kupanda zaidi ya nafasi iliyopo, vichwa vyake hukatwa, na mkato huo ndio mkwaruzo wenyewe. Baba alilijua hilo kabla sijazaliwa. Hakuwahi tu kuombwa alitengeneze.

Jioni tuliunganisha na amplifaya yake. Nikakanyaga swichi, nikagusa uzi mzito. Chumba kikanguruma. Mkono wake ukaruka kwenye kitufe cha sauti kwa mazoea ya miaka yote ile, ukasimama juu yake, ukitetemeka.

"Ingeletwa hii bandani," alisema, "ningemwambia mwenyewe arudi Ijumaa."

Kisha akauondoa mkono bila kupunguza chochote.

"Gusa tena."