Walima Chini ya Mikorosho ya Marui

Tulikwenda Marui, wilayani Kisarawe, siku ya pili baada ya kuukuta gizani, umeme umekatwa, ukumbi wa mjini tulioulipia arbuni kwa arusi ya binti yetu. Mwenyewe alikiri kwamba amezongwa na madeni, na fedha zetu zimekwisha. Baba mkubwa alitusikiliza huku akimenya muhogo, kisha akatuongoza hadi uwanja uliofagiwa, baina ya minazi na mikorosho. “Ndoa msikitini, walima hapa,” alisema. Sisi tulikuwa bado twawaza mashitaka. Akatukumbusha aya ya 280 ya Suratul Baqarah: mdaiwa mwenye dhiki apewe muhula. Tumeandikiana na mwenye ukumbi, mbele ya mashahidi wawili, alipe Mfunguo Tatu. Masufuria tumeazima kwa majirani. Sahani bado hazijatimia.